Siku Niliyosema Msikitini Kuwa Nimevuta Unga

Sijui nianzie wapi bila kujifunika uso, kwa sababu wengine mnaonisikiliza mlikuwepo, na ambao hamkuwepo mmekwisha kusimuliwa na waliokuwepo, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, mpaka nimesikia huko Mtwara wanasema nilianguka chini nikatoa povu. Sikutoa povu. Aibu niliyoipata inanitosha, haikuhitaji povu. Ila ni kweli kwamba mimi, Momadi mtoto wa bi Zaina, niliyesomeshwa mpaka Ulaya, ndiye bwana arusi aliyetolewa msikitini Palma siku ya nikaha yake mwenyewe, mkono wake ukiwa bado uko hewani, unangoja mkono wa baba mkwe uliokwisha kuondolewa.

Ngojeni kwanza niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu, na mimi nimechoka kutoeleweka.

Nilipata bolsa, yaani ufadhili wa masomo, nikaenda kusoma Ureno, kwenye chuo kimoja cha mji wa baridi, na kazi yangu huko ni madini (mama huwaambia watu "mwanangu anasomea mawe", na watu humwonea huruma). Kuna madini ukiyachanganya vizuri, ukayatia moto upande mmoja na upande wa pili ukauacha baridi, yanatoa umeme. Hakuna kinachozunguka, hakuna mafuta, hakuna kelele. Ubaya wake ni kwamba joto nalo linapita humohumo, linakimbilia upande wa baridi, na pande zote mbili zikishapata moto sawasawa basi umeme unakufa. Kwa hiyo sisi tunayasaga. Si kusaga kama muhogo, ni kusaga kwa mashine yenye gololi za chuma mpaka chembe moja huioni hata kwa hadubini ya shule, halafu ule unga tunaugandamiza kwa moto mpaka unakuwa kidonge kigumu. Ndani ya hicho kidonge chembe zimebanana, mipaka imejaa kila mahali, na joto likifika kwenye kila mpaka linajikwaa, linatawanyika, linapoteza njia, lakini umeme wenyewe unapenya. Ndiyo kazi yote hiyo. Ukiweza kulikwamisha joto bila kuukwamisha umeme, umeshinda. Na mimi nilikuwa na ndoto (msicheke) ya kuja siku moja na kibati cha kubandika ubavuni mwa jiko, mtu apike samaki wake na simu ichaji kwa moto uleule, maana wenyewe mnajua umeme wetu ulivyo tangu miaka ile ya kukimbia vita.

Sasa, kwenye mchanganyiko huo kuna kitu kinaitwa teluri. Professora wetu, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, siku ya kwanza kabisa alituweka mbele ya sanduku la kioo lenye glavu ndefu zilizopachikwa ubavuni, akatuambia, "Chupa yenye teluri inafunguliwa humu ndani, mikono yako ikiwa kwenye glavu hizi. Haifunguliwi mezani. Ukiivuta kidogo haitakuua, lakini itakutenga na watu." Sisi tukatazamana tukadhani amejaribu mzaha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kusafiri kuja kuoa, unga wangu ulikuwa tayari, umesagwa vizuri kuliko wowote niliowahi kusaga, na ulitakiwa kuhamishwa kwenye kikombe cha kugandamizia ili mwenzangu augandamize wakati mimi nipo likizo. Sanduku la kioo lilikuwa na mtu. Nikangoja. Yule mtu hana haraka, anapima vijiko vyake kama anagawa dawa. Nikatazama saa, ndege yangu jioni ileile, mizigo sijafunga, zawadi za Anifa, mchumba wangu, bado ziko dukani, nikajiambia: Momadi, ni kuhamisha tu, unafungua, unamimina, unafunga. Hata barakoa sikuvaa, kwa sababu zilikuwa chumba cha pili. (Chumba cha pili! Ningekuwa na mke leo.) Nikafungua chupa pale mezani, ukapanda moshi mweusi mwembamba, mzuri kwa kuutazama, na mimi kwa ujinga nikashtuka, na mtu akishtuka anavuta pumzi. Nikapiga chafya, ladha ya chuma ikajaa mdomoni, nikanawa uso, nikafuta meza kwa kitambaa kibichi, nikamkabidhi mwenzangu kikombe, nikakimbia uwanja wa ndege.

Nilifika nyumbani na furaha yangu yote. Mama alitoka mbio uani, kanga inamdondoka, nikamwinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana..." akakatisha. Akanirudisha nyuma kwa mikono miwili, akanitazama. "Umekula nini?"

"Chakula cha ndege tu, mama."

"Ndege gani huyo anayelisha watu vitunguu saumu vitupu?"

Tukacheka. Nilioga, nikapiga mswaki, nikalala. Kesho yake mama aliniletea chai, akaniwekea mbali kidogo, kisha akafungua dirisha. Siku iliyofuata akahamisha mkeka wake wa kusalia akaupeleka chumba kingine bila kusema neno, na mama yangu si mtu wa kunyamaza. Mimi mwenyewe nikijinusa sisikii chochote, nanusa kwapa, nanusa kiganja nilichokipulizia, hamna. Ndipo ule moshi mweusi ukanijia akilini. Nikamwandikia mwenzangu wa kule. Akajibu kwa kunicheka kwanza, halafu akawa serious: mwili ukipata teluri unaigeuza kuwa hewa, hewa hiyo inatoka kwa pumzi na kwa jasho, inanuka kitunguu saumu, mwenyewe husikii au unaizoea haraka, na dawa yake ni kungoja. Daktari wa chuo naye akanipigia, akanihakikishia kwamba kwa kiasi nilichovuta sitadhurika. Nikamuuliza kungoja mpaka lini. Akasema wiki kadhaa, wengine miezi. Arusi yangu ilikuwa Ijumaa ile.

Nilimwendea mjomba Amade. Ndiye aliyenipelekea posa, ndiye aliyesema kwa niaba yangu tangu mwanzo, na kwetu mjomba akisema jambo la ndoa limesemwa. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, amegeuza uso upande wa upepo, kisha akauliza swali moja.

"Hicho kitu ni sumu?"

"Kikizidi, ndiyo. Changu ni kidogo."

"Basi usimwambie mtu. Ukisema sumu leo, kesho watasema huzai. Keshokutwa watasema utamwambukiza. Sema umekula kitunguu saumu kwa dawa, arusi ipite, baadaye utamweleza mkeo ndani ya nyumba yenu."

Mtaniuliza kwa nini nisingeomba arusi iahirishwe. Ingeahirishwaje? Watu walikuwa wamekwisha kuingia kutoka Vamizi, kutoka Quiterajo, kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu waliotawanyika miaka ile kila mmoja na njia yake, wengine hawakuwa wameonana tangu siku waliyotupa masufuria wakakimbia, na sasa wamekutana kwa ajili ya sherehe yangu mimi, wanakumbatiana barabarani wanalia. Nani angewaambia warudi, kisa bwana arusi ananuka?

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililoniangamiza, na nililijua. Mzee Sumaili, baba yake Anifa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, ananyoosha kola yake hata akienda shamba. Binti yake mkubwa alimwoza kwa kijana anaitwa Rajabu, kijana mzuri, mcheshi, na Rajabu alikuwa mnywaji wa nipa, ile pombe kali ya mabibo, na kila akitoka kunywa alikuwa anatafuna kitunguu saumu ili mkwewe asisikie. Miaka mizima mzee anamsifu mkwe kwa kupenda dawa za asili. Mpaka yule binti alirudi kwao na mkono umevunjika. Mnaelewa sasa? Katika Palma nzima, katika jimbo zima la Cabo Delgado, mimi niliokota harufu moja ambayo mzee yule hawezi kuisamehe.

Anifa alinipigia simu Jumatano. Hatukuwa tumeonana tangu nirudi, maana alikwisha kuwekwa ndani. Sauti yake ilikuwa na kicheko.

"Nasikia umerudi na harufu ya Ulaya."

"Nani kasema?"

"Mji wote. Kwa nini, unanuka nini huko? Niambie mimi kabla sijakaa nawe chumba kimoja."

Hapo. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, watu wangu. Ningesema sentensi mbili tu, angecheka, mambo yangeisha. Badala yake nikajifanya mjanja, nikamwambia, "Ni marashi ghali, utazoea," naye akacheka, nami nikacheka, tukaagana, na nikajipongeza kwa kuokoka.

Siku mbili zilizobaki nilizimaliza kwa kujitesa. Nilikunywa maji ya malimau mpaka meno yakaanza kuniuma, nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, mama akanifukiza udi chini ya shuka kama anafukuza jini. Kanzu yangu ikalowekwa maji ya waridi. Matokeo yake, kwa maelezo ya mjomba Amade (mtu mkweli akiwa nje ya msikiti), nilinuka kama mchuzi uliopikwa kwenye duka la manukato.

Ijumaa tukaenda msikitini kwa sala ya alasiri, na nikaha ifuate. Mimi bwana arusi, nikawekwa safu ya mbele. Joto la siku ile mnalikumbuka, hakuna jani linalotikisika, mapangaboi hayazunguki, jasho linanishuka mgongoni kama nimemwagiwa ndoo. Tukasimama kuswali. Aliyekuwa kulia kwangu akasogea kidogo. Wa kushoto akasogea kidogo. Shehe akageuka akasema, "Kazeni safu, msiache nafasi," wakanirudia, wakakaza, na tuliposujudu nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa kikohozi cha kuigiza. Mnajua mafundisho yenyewe, aliyekula kitunguu saumu anaombwa asiwakaribie wenzake msikitini mpaka harufu imtoke. Nilijua na mimi. Nilisujudu nikiomba jambo moja tu, yaani upepo, kidogo tu, na haukuja.

Sala ikaisha, watu wakakaa, nikakalishwa mbele ya mzee Sumaili, goti kwa goti, mkono wake mkononi mwangu kama nikaha inavyotaka. Kati yetu shehe, ameshika kipaza sauti, maana jenereta lilikuwa limewashwa makusudi ili wanawake waliokuwa nyumbani kwa bibi arusi wasikie. Spika zimefungwa juu. Mji mzima unasikia. Hotuba ikasomwa, dua ikasomwa, mzee akatamka maneno yake ya kunioza kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kwa furaha (hili ndilo linaloniuma mpaka leo, alikuwa na furaha), kisha shehe akaniletea kipaza sauti mdomoni.

"Sema, nimekubali kumuoa Anifa binti Sumaili kwa mahari tuliyoafikiana."

Mimi nilikuwa nimepanga jinsi ya kusema. Nilipanga kusema bila kutoa pumzi. Jaribuni nyumbani muone. Ilitoka sauti kama ya kifaranga.

"Kwa sauti, bwana arusi, watu wasikie!" Watu wakacheka, kicheko kizuri cha arusini.

Nikavuta pumzi ya kifua kizima. Nikasema "nimekubali" kwa nguvu zangu zote, na ile pumzi yote, na joto lake, na wiki yake nzima ya teluri na malimau, ikaenda moja kwa moja kwenye uso wa mzee Sumaili.

Niliona macho yake yanabadilika. Hakukunja pua. Alifumba macho tu, kama mtu anayesikia sauti anayoijua kutoka chumba cha pili, na alipoyafumbua, akaulegeza mkono wake taratibu akautoa mkononi mwangu.

"Momadi," akasema kwa upole, "umekunywa?"

Kipaza sauti kilikuwa papo hapo. Mji mzima ukaulizwa kama nimekunywa.

"Wallahi sijanywa, baba. Mimi sinywi."

"Kwa nini umekula kitunguu saumu?"

"Sijala."

Na wakati uleule mjomba Amade, nyuma yangu, akitaka kuniokoa, akapaza sauti, "Amekula kwa dawa, shemeji! Ana presha!"

Mzee akamtazama mjomba, akanitazama mimi. "Amekula au hajala?"

Basi nikaona nimekwisha, nikaona niseme kweli, kweli yenyewe, yote, haraka, kabla hajainuka. Na ile kweli katika kichwa changu ilikuwa na mpango mzuri, nianze na umeme, nije kwenye joto, nifike kwenye kusaga. Lakini mdomo ukaanzia mwisho.

"Baba, si pombe. Ni kule kazini. Nilivuta unga."

Jenereta tu lilikuwa linanguruma huko nje.

"Ulivuta nini?"

"Unga, baba. Lakini kidogo tu! Kwa bahati mbaya! Huwa nausaga mwenyewe, ni mweusi, kwa kawaida tunautia ndani ya sanduku, ila siku ile nilikuwa na haraka ya ndege..."

Nilikuwa nasikia maneno yangu yanarudi kutoka kwenye spika za juu, yanachelewa kidogo, "na haraka ya ndege", na hapo ndipo nilipoyasikia kama walivyoyasikia wao. Mwambao wetu huu kila mtu anajua unga ni nini, anajua unavyosafiri, kila ukoo una kijana aliyeliwa nao. Mtu mmoja nyuma akasema "La haula." Shehe akafunika kipaza sauti kwa kiganja, amechelewa. Na kutoka upande wa nyumba ya Anifa, ng'ambo ya barabara, vigelegele vilivyokuwa vinangoja neno la mwisho havikuja, ikaja sauti moja ya mwanamke aliyepiga ukunga, na mwenye sauti hiyo nilinyonya ziwa lake, alikuwa mama.

"Ni madini!" nikapiga kelele. "Ni teluri! Ni ya kukwamisha joto!" Sasa mtu mwenye kanzu iliyolowa jasho, macho mekundu kwa moshi wa udi, anapiga kelele msikitini kwamba anasaga unga wa kukwamisha joto, nani atamwamini?

Shehe alinishika bega. Namshukuru, hakunifokea. "Toka nje kwanza, mwanangu. Upate hewa." Nikainuka, watu wakanipisha njia pana sana.

Chakula kililiwa, maana kimeshapikwa. Watu walikula pilau ile kimya kama wako matangani, wakanawa, wakaaga kwa kunong'ona. Waliokuja kutoka mbali walilala, asubuhi wakaanza kuondoka, na waliolia barabarani kwa kukutana sasa walikuwa wanaagana haraka haraka. Mama alikaa chumbani amejifunika gubigubi. Nilipogonga alisema, "Naamini ulivyosema, baba. Ila niache kidogo." Mama yangu hajawahi kuniambia nimwache.

Mjomba Amade hakukata tamaa. Alienda kwa mzee Sumaili akamsihi, akapiga magoti hasa, mtu mzima yule, mpaka mzee akakubali kunisikiliza. Nikampigia professora kwa simu ya video, nikamweleza, naye akakubali kuzungumza, akakaa mbele ya kamera na koti lake jeupe, mashine zetu nyuma yake. Tulikaa barazani kwa mzee, mimi mwisho kabisa wa benchi upande unakokwenda upepo. Pazia la mlango lilikuwa linatikisika, nikajua Anifa yuko nyuma yake.

Professora alieleza vizuri kuliko mimi. Alieleza kwa Kireno, na mzee Kireno chake ni cha mwalimu, alielewa kila neno. Akaonyesha sanduku la kioo, akaonyesha unga wenyewe, akaeleza kuhusu harufu, akasema si pombe wala si dawa za kulevya, anaweza kuapa. Niliona uso wa mzee unalegea. Niliona, wallahi, niliona anaanza kunitazama kama zamani. Kisha akainama karibu na simu, akauliza kama mwalimu anavyouliza darasani.

"Professora, na yeye alikuwa anajua kwamba kile chombo hakifunguliwi nje?"

"Alijua. Wote wanajua. Ni jambo la kwanza tunalowafundisha."

"Akafungua."

"Kwa bahati mbaya, ndiyo."

"Asante sana, professora. Umenisaidia." Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima. Halafu akaniambia, "Mwanangu, nimekudhania ulevi mbele ya watu, na kwa hilo nakuomba radhi. Nitawaambia watu, nitawaambia msikitini, usiwe na wasiwasi. Lakini ulijua ni kosa ukalifanya kwa sababu ya haraka, halafu ukaficha, ukaja ukanishika mkono ili nikupe binti yangu huku umeficha. Rajabu hakuanza na nipa. Rajabu alianza hivyo, kwa vitu vidogo alivyoona havina haja ya kuniambia."

"Baba, nilikuwa naogopa."

"Najua. Hata yeye alikuwa anaogopa."

Mjomba Amade akataka kusema kwamba ni yeye aliyenishauri ninyamaze, akafungua mdomo, mzee akainua mkono kidogo tu, na mjomba akafunga. Ningetukanwa ningejua pa kushika, lakini kuombwa radhi na kukataliwa kwa pumzi moja, hilo sijui mtu analifanyia nini.

Nilipokuwa natoka barazani Anifa alitoka akasimama kizingitini. Hina ilikuwa bado mbichi kwa rangi, imepanda mpaka viwikoni. Nikataka kusogea, nikakumbuka, nikasimama mbali.

"Mimi nakuamini," akasema. "Nilikuamini hata kabla ya huyo mama wa kwenye simu."

"Basi mwambie baba."

"Nimemwambia." Akatazama mikono yake. "Nilikupigia Jumatano, Momadi. Nilikuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ukaniambia marashi. Halafu kweli nikaisikia kwenye spika, pamoja na wauza samaki. Sijui kwa nini hilo linaniuma kuliko yote. Labda ni upumbavu."

"Si upumbavu."

"Basi," akasema, na akarudi ndani, na pazia likatulia.

Niliondoka Palma mapema kuliko tiketi yangu ilivyosema. Mzee Sumaili alitimiza neno lake, Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini akanisafisha jina, mama alinisimulia kwenye simu, akasema watu walimsikiliza kwa adabu kubwa, wakatoka nje wakaendelea kuniita Unga. Kule chuoni kidonge changu nilikikuta kimeshapimwa. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza pale, joto lilikuwa linakwama ndani yake kama tulivyokuwa tunaota, professora akatabasamu (ndiyo, alitabasamu) akaniambia mpigie mtu wako umpe habari. Nikatoka nikasimama kwenye korido na simu mkononi mpaka taa za kujizima zikajizima.

Mwaka jana Anifa aliolewa, na mwalimu mmoja wa Quionga. Nasikia anamtunza. Mama ndiye aliyeniambia, kisha akajaribu kubadilisha mazungumzo akaniuliza kama nakula vizuri, na nikamwambia nakula vizuri.

Kwa hiyo mkinicheka nitawavumilia, mna haki. Mimi nimekwisha kuapa. Siku nikipata tena mtu wa kuniuliza kwa sauti yenye kicheko nina nini, nitamjibu papo hapo, hata kama jibu lenyewe ni la kipuuzi, hata kama litanifanya nionekane mjinga, nitalisema kwa mtu mmoja, kwa sauti ndogo, kabla halijatafuta njia yake lenyewe ya kutoka. Siku hiyo haijafika. Naingoja, na bado naogopa kama zamani.